Majani ya Kasukari

Jumatatu, 18 Aprili 2022

Hili sijamwambia mtu. Hata kwenye kitubio sikulisema.

Jana Pasaka, nyumbani hakukuwa na mboga. Bugali tu. Mama alikuwa na homa. Nikashuka kwenye shamba la majaribio, nikachuma majani kwenye parcelle, kile kishamba kidogo, ya maharagi yanayoitwa Kasukari, ile ya chini, karibu na njia ya maji. Konzi tatu. Nilihesabu!

Kuchuma majani kwa shamba la mwingine si wizi hapa Muheto. Mwanamke anayekataza majani anasemwa mpaka kanisani. Lakini lile si shamba tu. Ni majaribio, na mpango wake niliuchora mimi.

Niandike vizuri, nisijidanganye. Mwezi wa pili agronome, bwana shamba wa mradi wa mbegu, Papa Sylvain, alikuja shuleni kwetu. Alitaka kulinganisha aina nne za maharagi ya kupanda mitini: Kasukari yetu, mbegu ya mama, na tatu mpya zisizo na jina, Nambari Moja, Mbili, Tatu. Alichora mistari minne kutoka juu ya mlima mpaka chini. Nikainua mkono. Mimi! Nikasema udongo wa juu umechoka, wa chini una mafuta. Bora tukate mlima kwa vipande vitatu, juu, kati na chini, na kila kipande kiwe na aina zote nne. Mahali pa kila aina tuchague kwa kura. Hapo hakuna aina itakayobebwa na udongo.

Akaniangalia. «Weye mutoto, ulisoma wapi ile?» Kwenye kitabu cha marehemu baba. Kura tulizitoa kwenye kofia ya Papa Sylvain.

Nilipotoka na majani, Mama Emérita, président wa chama cha wamama, alikuwa anapita na bidon ya maji. Nilidhani atanigombeza. Akacheka: «Ah! Mwenye plan mwenyewe anachuma! Basi sisi tunaogopa nini?»

Mama alikula vizuri. Akasema, «Kasukari njo muharagi ya kweli.» Hakuuliza nimetoa wapi.

Jumatano, 20 Aprili

Wamama wanne wanachuma majani kwenye parcelle za Kasukari leo. Nimepita nikiangalia chini.

Jumamosi, 7 Mei

Nimehesabu. Kila parcelle ina mashina sitini. Kasukari ya chini: arobaini na nane yamechumwa. Ya kati: arobaini na moja. Ya juu: matatu tu — nani apande mlima wote ule kwa ajili ya mboga?

Nambari Tatu: sifuri, sifuri, sifuri. Majani yake ni kama karatasi ya mufuko wa simenti. Mbuzi mwenyewe anageuza kichwa.

Nilifikiri udongo. Nilifikiri jua, maji, mteremko. Sikufikiri sahani: majani matamu yanachumwa, na shina lililochumwa halizai vizuri.

Papa Sylvain alifika saa nne kwa moto yake, pikipiki ya mradi. Akasimama njiani, hakuzima hata injini. «Verdiane, shamba iko bien?»

Nikasema iko bien.

Kwa nini?! Mdomo wangu uko na mwenyewe mwingine.

Alhamisi, 30 Juni

Tumepima mavuno. Evode, wa darasa langu, alishika mizani, mimi niliandika. Kwa parcelle tatu pamoja, Nambari Tatu kilo 8.1. Kasukari kilo 6.

Evode akaimba mbele ya wote: «Kasukari ka bibi kamezeeka!» Watu wakacheka. Mama alikuwa pale, ameshika mufuko wazi wa kupokea Kasukari yake.

Lakini kwenye kipande cha juu peke yake — udongo mbaya kabisa — Kasukari 2.4, Nambari Tatu 2.1. Inashinda mahali ambapo karibu haikuguswa! Nilimwonyesha Papa Sylvain kwa kidole, majani sikuyataja. Akasema, «Parcelle moja haiseme kitu, Mademoiselle. Njo weye ulitufundisha kurudilia mara tatu.»

Kweli. Nilifundisha. Na namba za tarehe 7 Mei zilikuwa kwenye mufuko wa sketi yangu, ndani ya daftari hili.

Jumapili, 10 Julai

Mkutano baada ya misa. Mradi utazidisha mbegu ya aina moja tu, na ghala la chama litapokea hiyo peke yake. Papa Sylvain akanipa karatasi nisome matokeo. Nilisoma. Sauti ndogo, mpaka mtu wa nyuma akapiga kelele, «Unasomea Mungu peke yake ao?»

Wakainua mikono. Nambari Tatu. Mama Emérita aliinua wake wa kwanza, yeye aliyekula majani ya Kasukari mwezi mzima! Kisha akamwambia mama, kwa upole kabisa, «Mama Verdiane, usikasirike. Ile yako iko tamu, lakini haizale.»

Mama akajibu, «Sikasirike, dada. Mizani imesema.»

Mbegu ile mama aliitoa kwetu Ngungu. Siku tuliyokimbia vita aliacha sufuria, akaacha picha ya baba, akafunga Kasukari kwenye pembe ya kitenge. Hapa Muheto kila aliye na Kasukari aliomba kwake. Msimu uliopita mvua ya mawe ilipiga mashamba, zikabaki mbegu za mama tu.

Njiani alitembea mbele yangu.  

Jumatatu, 11 Julai

Asubuhi nimemkuta mama jikoni. Chungu cha mbegu kimelala ubavu, kitupu. Kasukari yote iko kwenye ungo, anachambua mawe. Maji yanachemka.

Nikauliza anafanya nini. «Ninapika. Mbegu ambayo watu hawataki ni chakula.»

Nikamwambia. Pasaka, konzi tatu, Mama Emérita na bidon, mashina arobaini na nane. Nikamwambia nilijua tangu mwezi wa tano na nikasema iko bien. Nilisema yote nikiangalia ungo.

Mikono yake ikasimama. Kisha akatoa jiwe moja dogo, akalitupa nje.

«Yale majani,» akasema, «nilijua yanatoka wapi. Hakuna Kasukari ingine chini ya ule mlima. Nilikula na nikanyamaza.» Na baadaye: «Sasa unaniambia miye ya nini? Miye njo naandika rapport?»

Maji yalikuwa yanamwagika juu ya moto. Hakuna aliyefunika.

Nikavua kitenge changu cha mabegani, nikafunika ungo, nikautoa jikoni. Hakunizuia. Nimepanda mpaka nyumba anayolala Papa Sylvain. Nimepita mbele ya Mama Emérita. «Unapeleka wapi, mwenye plan?» Nimesema: kwa agronome. Kwa sauti aliyoisikia.

Sasa nimekaa kwenye ukuta wa nyumba yake, ungo kwenye mapaja, naandika juu yake. Papa Sylvain yuko mlangoni, anaongea kwenye simu, anafunga mufuko wa rapport nyuma ya moto yake. Anashuka Goma leo.

Ukurasa wa 18 Aprili nimeukunja pembe. Wa 7 Mei pia. Nitampa daftari hili; atasoma na mengine, najua.

Simu imekwisha. Amevaa kofia. Nimeshuka ukutani, ninampa.