Soketi ya Jikoni

Mama watoto,

Fundi umeme ameenda kununua soketi mpya, atarudi saa nne. Usiwashe swichi kuu mpaka amalize. ~~Mpe chai.~~ Mpe maji, yanamtosha.

Nakubali, soketi niliiunguza mimi, na fundi mwenzangu ana cheti. Lakini asubuhi hii umemmulikia tochi nusu saa nzima bila mkono kutetemeka, na kila akikaza skrubu unasema, "Kumbe ndivyo!" Mimi miaka kumi na miwili natengeneza humu ndani, nikikuomba unishikie tochi unamulika dari huku unapiga miayo.

Sina wivu. Ila mwenye cheti aje na tochi yake. Hii yetu nimeondoka nayo kwenda kazini.

Mumeo, fundi wako wa kwanza