Chumba Nilichochagua kwa Jiko la Mama

Suna, Migori,
Tarehe 9 Mei, 2025.

Mpendwa dada yangu Mellen,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Lodwar, na kwamba joto limewapunguzia kidogo. Wanafunzi wako wanaendeleaje? Na ule mgongo umepoa? Huku mvua inanyesha kila alasiri, na kule nyumbani mahindi ya Mama yamefika kiunoni. Mama mwenyewe anakula vizuri, na Jumapili iliyopita alikwenda kanisani kwa miguu yake. Nimeanza na hilo ili usome yanayofuata moyo ukiwa umetulia.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Nimekupigia mara tatu. Kila nikisikia sauti yako, ule uongo wa kwanza unanitoka tena mdomoni. Karatasi angalau hainiulizi kitu.

Mama hakuugua presha, dada. Hajawahi kuwa na presha. Ni mimi niliyekaribia kumuua.

Mwezi wa Februari uliniambia goti lake limechoka kuvuka ua kwenda jikoni, nimtafutie mahali pa kupikia ndani ya nyumba. Ukasema nichague chumba chenye madirisha, upepo uweze kupita. Nilikujibu kwamba mimi ni fundi, nisifundishwe kazi. Chumba cha namna hiyo kilikuwepo, kile cha nyuma chenye madirisha mawili yanayotazamana. Lakini nilikuwa nimeshakitia vigae na dari nyeupe. Nilitaka wageni walale humo, na watu wa kanisa wakija waseme kweli Caleb amemjengea mama yake nyumba. Basi jiko nikalipeleka kwenye stoo ya katikati, isiyo na dirisha hata moja. Hata vitundu vya hewa juu ya mlango nilikuwa nimeviziba kwa saruji, kwa sababu ya mbu.

Mke wangu Lynnet aliniuliza mbele ya Mama, "Sasa moshi utatokea wapi?"

Nikamjibu, "Nani fundi hapa, mimi au wewe? Makaa hayana moshi."

Mama alicheka kidogo ili tusigombane.

Tarehe kumi na nne Aprili, mchana, mvua ilikuja na upepo mkali. Mimi nilikuwa Isebania kwenye mjengo. Mama alikuwa anachemsha nyoyo, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, na unajua unavyokaa motoni. Maji yalipoanza kuingia sebuleni akafunga mlango wa stoo, akaketi karibu na jiko aote moto. Lynnet aliporudi kutoka sokoni alimkuta kwenye kigoda, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, haitiki. Alimvuta kwa mabega mpaka uani, kwenye matope, akapiga mayowe majirani wakaja. Wakampakia kwenye bodaboda, yeye katikati, Lynnet nyuma amemkumbatia, hadi hospitalini Homa Bay, maana kutoka nyumbani ndiko karibu.

Nilipofika jioni alikuwa ameshawekewa oksijeni. Daktari aliniuliza jiko lilikuwa wapi, nikamweleza. Akasema, "Moshi ungemfukuza. Makaa yana sumu isiyoonekana; hayamfukuzi mtu, yanamlaza." Hakujua kwamba chumba kile ni kazi ya mikono yangu, na mimi sikumwambia.

Mama alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama nyoyo zimeungua. Nilitoka nje nikalia. Niliporudi ndani ukapiga simu, nami nikakwambia presha imempanda. Mama alinisikia kutoka kitandani. Hakunisahihisha.

Kuna baya zaidi. Hapa Suna, ninapolala siku za kazi, kuna mteja wangu anaitwa Masese. Mwezi wa Machi alikuja nyumbani, akaiona ile stoo ya Mama akaipenda, akataka jiko lake liwekwe vilevile. Nikamjengea. Mke wake amejifungua majuzi, na mtoto hulazwa kwenye kikapu palepale penye joto. Nilijua hilo, dada. Nikakaa siku kumi na mbili bila kusema, nikiogopea jina langu. Kila asubuhi nilipita langoni kwake nimeinamisha uso.

Siku ya kumi na tatu niliingia na nyundo, nikamweleza yote akiwa amesimama mlangoni.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu tarehe kumi na nne."

Hakunitukana. Alikwenda akamchukua mtoto, akampa mke wake, akarudi na kuniambia, "Haya, vunja." Nilivunja ule ukuta nimempa mgongo, naye alisimama ananitazama mpaka mwanga ukaingia. Nimemwekea madirisha mawili na bomba la kutolea hewa. Mtoto ni mzima. Masese ananisalimu, lakini kazi ya kujenga nyumba ya kaka yake, niliyokuwa nimeahidiwa, wamempa fundi mwingine. Ana haki.

Mama sasa anapikia chumba cha nyuma, madirisha yote wazi, jiko liko karibu na mlango. Dari imeanza kuwa nyeusi. Kwenye stoo nimeweka majembe.

Limebaki jambo moja, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Uliposikia presha, ulimwamuru Mama aache chumvi. Tangu siku hiyo anakula samaki na mboga bila hata chembe, ili uongo wangu usianguke. Juzi nilimsogezea kopo nikamwambia, "Mama, tia chumvi. Mellen nitamwambia ukweli."

Akalirudisha upande wangu. "Nyathina, mwanangu, mwambie kwanza," akasema, akaendelea kula.

Nimeshakwambia, dada. Hasira ulizo nazo ni halali yangu, sitazikimbia. Ila ukipiga simu, tafadhali anza na yeye. Mwambie ale chumvi.

Lynnet anakusalimu sana. Yeye ndiye wa kushukuriwa. Nisalimie shemeji, pamoja na Chrispine na Pamela, waambie bibi yao anawauliza. Mungu akufunike huko uliko, na atuepushe na mabaya tunayoyajenga kwa mikono yetu wenyewe.

Wako akupendaye, ingawa kwa aibu,
mdogo wako,
Caleb