Kioo Alichokifunga Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana moyo umenielemea na sina wa kumweleza. Mimi ni dereva wa bosi mmoja, na mke wangu ni fundi wa vioo vya magari, tena fundi hasa, anapapasa ufa kwa ukucha akakwambia ulianzia wapi. Mwezi uliopita nililifuata lori la kokoto kwa karibu mno, jiwe likaruka likadonoa kioo cha mbele cha gari la bosi, alama yenyewe kama punje ya mtama, nikanyamaza, siku ya tatu gari lilikuwa limeshinda juani, nikalimwagia maji baridi nilioshe, nikasikia "ta!", ufa ukakimbia hadi pembeni. Nikampelekea mke wangu nikamwomba auzibe haraka haraka, akasema, "Baba watoto, ufa ukifika ukingoni hauzibiki, kioo kinabadilishwa," akakitoa, akakwangua kutu yote ya fremu bila papara, akapaka gundi mstari mmoja usiokatika, akapachika kipya, kisha akatia funguo za gari mfukoni. "Halitoki mpaka gundi ishike." Nikamsihi, nikamfokea mbele ya wenzake, hakutikisika. Bosi akachelewa kikao, aliponiuliza nikasema fundi ni mvivu, naye bila kujua ni mke wangu akaamuru magari ya kampuni yasipelekwe tena kwake. Wiki jana, bosi akiwa kiti cha mbele, tukagonga nguzo, mfuko wa hewa wa usalama ukafumuka mbele ya bosi ukaegemea kioo, kikapasuka lakini hakikubanduka, akatoka bila mchubuko. Mkaguzi wa magari akasema, "Kingefungwa ovyo kingechomoka, na mfuko ungekosa pa kuegemea." Bosi akauliza, "Kwani si yule fundi mvivu aliyekifunga?" Nikajibu sikumbuki. Nyumbani mke wangu ananiuliza kila siku alikosea wapi hata magari ya kampuni hayaji. Nifanyeje?

Dereva mwenye aibu

Dereva, pole kwa ajali, na pole yangu inaishia hapo. Umejaza karatasi sifa za mkeo ukaniletea mimi nisiyemjua, na yeye mwenyewe anajitafutia kosa asilolifanya! Hukuacha nafasi nyuma ya lori. Ulimwagia maji baridi kioo chenye joto. Ulificha alama siku tatu nzima, halafu ukataka gundi ikauke kwa makelele yako.

Huyo mama namvulia kofia. Mumewe anafoka, wenzake wanatazama, yeye funguo ziko mfukoni na gundi inashika taratibu. Kwa msimamo huo bosi wako yuko hai leo, na aliyekuwa kando yake kwenye usukani ni wewe.

Sasa sikiliza. Leo ukifika nyumbani, kabla hujakaa, mwambie mkeo yote, na neno "mvivu" usiliruke. Kesho asubuhi ingia kwa bosi, mtajie aliyefunga kioo na useme ulimdanganya. Kazi unaweza kuipoteza, sikufichi. Ikibaki au isibaki, toka hapo nenda karakana, simama pale pale ulipomfokea, wenzake wakisikia, umwombe radhi. Usitangulize zawadi. Sema, kisha funga mdomo umsikilize.