Jina Ndani ya Wimbo

Jumatatu, 3 Machi
Umeme umekatika tena. Nimekanyaga cherehani kwa mguu, sare mbili za shule zimeisha. Saa nne simu. Hakuna salamu, jina tu: Merveille. Msichana wa mtaa wa Kakontwe, amefariki, kilio ni kesho. Wanataka wimbo ule.

Wimbo ule niliutunga kwa ajili ya mdogo wangu Ilunga, aliyefukiwa na shimo la shaba miaka miwili iliyopita. Jina lake limo mara nne. Kosa ni langu. Kwenye kilio cha jirani nilimhurumia mama mfiwa, nikaliondoa jina la Ilunga, nikaweka la mwanawe. Tangu siku hiyo mji mzima wa Likasi unaona ni haki yake kuwekewa majina ya maiti wake.

Jumanne, 4 Machi
Nimeenda. Nimeimba Merveille mara nne. Watu wamelia sana. Simu zote juu, zinarekodi. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza chai.

Alhamisi, 6 Machi
Nina wimbo mpya. Mwanamke amenunua viatu vyekundu, anakataa kuvivua hata mvua ikinyesha. Unachekesha. Tangu Ilunga afe sijatunga kitu cha kuchekesha. Nimeuimba kwenye mazoezi ya kwaya. Wapiga gitaa walitabasamu, basi. Mama Georgette, kiongozi wetu, akanivuta pembeni.

"Mama, weye iko na sauti ya kilio. Bantu banakuya juu ya ile. Viatu, bengine bataimba."

Sauti ya kilio. Eti watu huja kwa ajili ya hiyo. Kana kwamba nilizaliwa nayo. Nimemwambia: kwenye tamasha letu la Jumapili nitaimba viatu kwanza, kisha wimbo wa Ilunga kwa jina la Ilunga peke yake. Wasipotaka, sipandi jukwaani. Akakubali. Haraka mno.

Ijumaa, 7 Machi
Video ya Kakontwe imefika kila mahali. Muuza mkate anayo. Mama yangu naye anayo, mwenzake wa kanisani amemtumia. Anaicheza mchana kutwa huku akikunja nguo. Merveille, Merveille. Nimemwomba aizime.

"Acha, mwana. Iko muzuri."

Jumapili, 9 Machi
Ukumbi ulijaa. Nikaanza na viatu. Hakuna aliyecheka. Kwenye ubeti wa pili mtu akapaza sauti: "Mama, tupe ile ya kilio!" Wengine wakaitikia. Nikaendelea. Ndipo wakaanza kuimba wenyewe, juu ya sauti yangu, na magitaa yakawafuata wao. Magitaa yangu mwenyewe.

Walipofika kwenye jina, kila mmoja akataja la maiti wake. Majina yote kwa pamoja, makelele matupu. Nikamwita Ilunga kwenye maikrofoni. Hata mimi sikuisikia sauti yangu.

Viatu ningewasamehe. La jina siwezi. Mlangoni mama mmoja akanikumbatia, uso umelowa. "Aksanti, mama. Leo mutoto wangu amesikia." Nilitaka kumsukuma. Sikumsukuma. Nimerudi nyumbani kwa miguu, sikumngoja mtu.

Jumatatu, 10 Machi
Nawachukia. Wananipenda, nami nawachukia. Nimeliandika, limenitoka.

Mama Georgette kanitumia ujumbe: tamasha lilikuwa la baraka, vraiment, kweli kabisa.

Jumanne, 11 Machi
Simu mbili. Sikuzipokea. Mvua tangu asubuhi. Mama yangu amekaa mlangoni, anachambua sinia ya maharagwe, akiimba polepole wimbo wa Ilunga, mwanawe. Nikasimamisha cherehani nimsikilize. Sauti yake ni ndogo lakini tuni aliipata sawasawa.

Alipofika kwenye jina, akaimba Merveille.

Nikangoja mara ya pili. Merveille. Ya tatu na ya nne pia. Hakugundua. Akatupa jiwe nje, akachukua konzi nyingine ya maharagwe.

Sikumwambia. Nimeketi karibu naye, tumechambua pamoja mpaka sinia ikaisha.