Jiwe Lililougua Manjano

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujafika mstari wa pili, funga mlango. Nakuomba kwa haki ya ziwa tulilonyonya mimi na wewe, neno lolote la humu lisimfikie Baba. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie nawasalimu wote na kwamba nakula vizuri, maana hayo ni kweli tupu. Wewe hujambo? Shemeji na watoto wazima? Goti la Mama limepoa, au bado linatabiri mvua? Mimi ni mzima. Hofu tu ndiyo imenikondesha.

Unajua nilivyoajiriwa kwenye karakana ya vito ya Fundi Lenzi. Tunamwita hivyo kwa sababu lenzi yake haibanduki kwenye paji la uso, hata akienda kunyolewa. Kazi yangu ilikuwa kupokea mawe, kuyapima, na kuandika uzito na rangi juu ya bahasha ndogo. Siku moja nesi mmoja mstaafu alileta jiwe ghafi, kubwa kiasi cha kokwa ya tende, akataka litoe hereni mbili za mjukuu wake anayetarajia kuolewa. Nikaandika kwa ule mwandiko wangu unaoujua: aiolaiti, bluu ya zambarau.

Fundi alipotoka kwenda kula, nikaona jiwe lina vumbi. Nikaliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaliweka juu ya karatasi nyeupe dirishani likauke. Dada, nusura nizimie! Bluu yote ilikuwa imetoweka. Limebaki rangi ya chai iliyochujwa mara ya tatu. Sikuthubutu kuligusa tena, nikichelea lisije likayeyuka kabisa. Basi woga ukanipa ushauri wake: nikachukua bahasha, nikafuta “bluu ya zambarau”, nikaandika “manjano hafifu”. Kisha nikaandika barua ya kuacha kazi, aya tatu, na tarehe juu.

Kumbe Fundi alikutana na nesi ngazini, wakaingia pamoja. Akaisoma bahasha, akaniuliza kama jiwe la watu limeshikwa na homa ya manjano wakati yeye anakula. Nesi akasema miaka yote aliyokaa wodini ameona wagonjwa wakigeuka manjano, ila hajaona karani akigeuka kijivu namna hii, akanivutia kiti. Nikakiri yote, na machozi juu.

Fundi alilishika jiwe kwa kibano, akalielekeza dirishani, akaligeuza robo tu. Bluu ikarudi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake! Akatueleza kwamba jiwe hili lina nyuso tatu: ukilitazama huku ni zambarau, kule ni samawati, na upande wa tatu ni karibu maji matupu, yenye umanjano kidogo tu. Mchongaji asipoutafuta kwanza upande wa bluu, hereni itatoka kama kipande cha kioo cha dirisha, na hapo hakuna dawa. Madini ya jinsi hiyohiyo, alisema, ndiyo yanayofanya vigae vya ndani ya tanuri vistahimili moto, lakini jiwe lenyewe ukiligonga kipumbavu linapasuka. Akalisifu hivyo, utadhani anaposa.

Kwa kuosha jiwe alinisamehe palepale. Kwa kufuta bahasha aliniadhibu: nikae na mawe ghafi ishirini, nitafute upande wa bluu wa kila moja, niutie alama. Aliyakagua yote kwa lenzi, halafu akauliza nani amenifundisha. Nikamwambia ni woga.

Sasa nafika kwenye neno lenyewe. Dada, mimi si karani tena. Huu ni mwezi wa tatu nafunga aproni na kukaa kwenye gurudumu la kusagia, kucha zimejaa nta ya kushikizia mawe, na sijawahi kulala usingizi mtamu kama huu. Zile hereni, moja alichonga Fundi, moja mimi. Nesi alizijaribu mbele ya kioo, akazichanganya, na sasa hakuna ajuaye ipi ni ya nani, ingawa Fundi anajifanya anajua. Ninachoogopa ni Baba, aliyezunguka mtaa mzima akiwaambia watu kwamba mwanawe anakula kwa kalamu. Nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, mwisho wa mwezi. Asisikie kwa mtu kabla yangu. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Nibusie Mama, wapakate wanao.

Mdogo wako akupendaye.

Ukitaka kunipata, usiandike ofisini. Bahasha iende kwa mlango wa nyuma, kwenye ngazi za chuma. Simu piga saa saba, gurudumu likiwa limezimwa. Atakayepokea ni binamu yake Fundi, mama mwenye sauti ya kuamsha jirani. Usimwulizie karani, maana karani siku hizi ni yeye. Mwulizie fundi mdogo.