Kilo Nne za Mfukoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba kwanza umalize kusoma ndipo ucheke, maana hili jambo kwa mbali ni kichekesho lakini mimi niliyemo ndani yake silali.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka arobaini na moja na watoto wawili, kutwa napima viuno vya watu na kuviandika kwenye daftari, lakini changu sijakigusa tangu nijifungue wa pili, na siku nilipopanda mzani wa kliniki ukasoma kilo mia moja ishirini na nne nilimuuliza nesi kama haujaharibika, akanijibu, "Mama, mzani mzima, tena mpya." Si uzuri ulionipeleka pale. Magoti yalikuwa yananiuma kwa ngazi tatu tu za dukani, na usingizi ulikuwa unaniiba mchana kweupe, hadi siku moja nilisinzia mashine ikiwa inazunguka, sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole gumba na sketi ya shule ya mtoto wa watu ikalowa damu, ndipo mume wangu, dereva wa gari la taka, akasema basi, bima ya kazini kwake inalipia upasuaji wa kupunguza tumbo, twende.

Kumbe kupasuliwa si kwenda tu na kujilaza. Nilitolewa damu vichupa saba, nikapigwa picha ya moyo, nikamezeshwa mpira wenye kamera hadi tumboni, mwanasaikolojia akaniuliza kama huwa nakula nikiwa na hasira nikamwambia huwa nakula nikiwa na chochote, nikalazwa nimebandikwa nyaya kichwani kama redio iliyo kwa fundi, na asubuhi yake mpimaji akanionyesha karatasi akasema, "Dada, ukilala pumzi inakukatika mara thelathini na mbili kwa saa," nikadhani ananitania. Juu ya hayo bima wakataka miezi sita ya kula kwa mpango, kila mwezi nipimwe, na barua yao ikasema uzito ukilinganishwa na kimo usishuke chini ya kipimo cha arobaini, ambacho kwa urefu wangu ni kilo mia moja ishirini na moja.

Sasa mshauri, mimi ukiniambia fanya, nafanya. Nikaacha soda, nikawa naenda dukani kwa miguu, na mwezi wa tano nikajipima kwa jirani yetu muuza dawa, mia moja kumi na tisa! Badala ya kufurahi nikaangua kilio, na wifi yangu tunayeishi naye akaniambia, "Wifi, wenzio wanalia hawapungui, wewe unalia umepungua?" Halafu akafikiri kidogo akasema, "Si una vile vyuma vya kukandamizia kitambaa ukikata?"

Nikashona gauni. Pana, lenye mifuko minne kwa ndani, kazi safi hata mwenyewe nilijisifu, kila mfuko chuma cha kilo moja, nikapanda mzani ukasoma mia moja ishirini na tatu. Nesi akasema, "Mama, mbona leo unatembea kama umebeba ndoo?" nikamwambia magoti. Mwezi wa sita nikarudia vile vile, bima wakakubali, na mume wangu akapiga honi ya gari la taka mtaa mzima watu wakatoka na ndoo zao wakidhani siku ya taka imebadilika.

Juzi ndipo nikakutana na daktari wa nusu kaputi, baba mpole, akaniambia, "Dawa ya kukulaza naipima kwa kufuata kilo zako, na kwa mtu ambaye pumzi inamkatika sibahatishi. Kuna lolote hujaniambia?" Nikasema hakuna. Tangu hapo nikishika mkasi nakata nje ya chaki. Napasuliwa Alhamisi ijayo. Nikisema ukweli bima watanitupa na mume wangu ataonekana tapeli kazini, nisiposema naweza kulala nisiamke, na wifi anasema kilo nne ni nini, si uzito wa mtoto mchanga tu. Namba yangu ya simu nimeiweka hapo chini. Nifanyeje?

Fundi wa Mifuko ya Ndani

*

Bibie fundi, nimecheka, kisha nikafika kwa daktari wa nusu kaputi nikaacha.

Barua yako haikuwa ya kungoja zamu, ndiyo maana nilikupigia saa ile ile. Haya ninayoyaandika nayaandika kwa ruhusa yako, ili na mwingine anayejiongezea au kujipunguzia mbele ya daktari ajifunze. Ulipokea ukasema, "Dukani hapa, karibu," nikakwambia, "Ni mimi mshauri, funga mlango ukae." Nilikukaripia na sikuombi radhi. Wewe ni mfanyakazi hodari, umepungua kilo tano kwa miguu yako mwenyewe, jambo linalowashinda wengi, halafu ukaificha sifa hiyo kama mali ya wizi! Na hivi ulidhani utaingia chumba cha upasuaji na gauni lako? Watu wanavuliwa kule. Na yule baba mpole alikuuliza swali moja tu, nawe ukamdanganya mtu ambaye ndiye atakayeshika pumzi zako mkononi.

Kisha nikakuomba unisomee barua ya bima. Ukasoma ukurasa wa kwanza, ukaishia hapo.

"Hakuna wa pili?" nikauliza.

"Upo, lakini una maandishi madogo."

"Vaa miwani."

Ukasoma polepole: mgonjwa mwenye maradhi yanayoandamana na uzito, yakiwemo kukatika pumzi usingizini, atakubaliwa kuanzia kipimo cha thelathini na tano. Nikasikia kiti kikilia. Ukasema, "Mshauri, kwa hiyo ningeweza kushuka hadi..." Ndiyo, bibie. Tulipiga hesabu pamoja: hadi kilo mia moja na sita, na bado mlango uko wazi. Kipimo cha nyaya ulichodhani ni utani ndicho kilichokuwa haki yako, nawe ukaenda kubeba chuma.

Hapo ulilia, nikakuacha ulie. Kisha ukafanya jambo ambalo nataka wasomaji walijue: hukungoja kesho. Ulimpigia nesi, na Jumatatu ukaenda kliniki na gauni jepesi, ukasema yote mbele yake na mbele ya yule daktari wa nusu kaputi. Daktari akakushukuru, akaahirisha upasuaji kwa wiki tatu, akaandika kilo zako upya na kukupa mashine ya kukusaidia kupumua ukilala. Bima wamepitia faili tena. Wamekukubali kwa kigezo cha pumzi, na wamekuandikia onyo kali ambalo litakaa kwenye faili. Unastahili. Nesi amekununia, na hilo pia unastahili, mpe muda.

Wifi yako simtukani. Anakupenda, ila akili yake inakimbia kuliko breki. Kuanzia leo mshukuru kwa mapenzi, ushauri wa tiba ukauchukue kwa wenye kazi yao.

Limebaki moja, na uliponipigia jana ulilikwepa mara mbili: mumeo hajui habari ya vyuma, anadhani upasuaji umeahirishwa kwa ajili ya pumzi tu. Unasema kwa kuwa limekwisha salama, ya nini kumchoma moyo? Hapana. Bima ni ya jina lake, na barua ya onyo itapita kazini kwake. Usimwache aisikie ofisini mbele ya wenzake. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, leo jioni akishaoga na kula, mlango umefungwa na wifi hayupo karibu. Anza na kosa, usianze na sababu. Usiseme "lakini" mpaka amalize kuuliza. Mpe ile barua aisome mwenyewe, kurasa zote mbili. Atakasirika. Pengine atanuna siku tatu, na wewe utavumilia siku tatu bila kumwuliza kama bado amenuna.

Wiki ijayo, ukizinduka kwenye dawa, huyo ndiye atakayekuwa ameketi kando ya kitanda chako. Akusubiri akiwa anajua.