Kichwa Yangu, Gazi Yao

Mama Justin, muke wangu,

Huko Kamituga mumeamukaje? Goti yako imepona, ama ungali unatembea kama bata? Mimi huku Bukavu niko muzima kuanzia shingo mupaka miguu. Shida iko juu tu, kwa ule uvimbe wa ndani ya kichwa.

Lakini nina hasira. Jana mutoto wako Justin alisimama mbele ya docteur wa kulalisha wagonjwa, akasema, "Usimuelezee papa, hakusoma. Mulalishe na gazi kama siku alipasuliwa hernie ya tumbo, kesho mupasue. Mimi nitasaini." Na mimi nimelala pale pale, kama muzigo wa mihogo.

Nikauliza, "Docteur, munapasua Justin ama mimi?"

Ule docteur, maman mumoja mufupi, akacheka, akakaa kwa kitanda. "Papa, gazi inapanua mishipa ya bongo, damu inaingia mingi. Siku ya hernie haikuwa neno. Leo kichwa yako imekwisha kujaa, na mufupa haitanuki."

"Sawa na shimo ya dhahabu," nikamwambia. "Ukipanua mufereji na maji haina pa kutokea, wachimbaji wanazama."

"Ndiyo vile. Bora dawa ya kulalisha ya kupitisha kwa mushipa wa mukono. Lakini imeisha, itafika juma ya kesho. Na kungoja pia iko na hatari yake."

Justin akasema, "Gazi si iko? Mimi niko na kazi."

"Basi enda kazini," nikamujibu. "Miaka makumi nimeingia chini ya mulima, hakuna siku mutu mwingine alinichagulia shimo. Nangojea dawa." Nikaomba bic, nikasaini mwenyewe.

Salimia shangazi wa watoto, na jirani yetu fundi wa pikipiki, mwambie ile yake inaamusha hata wafu.

Halafu dada yako mukubwa, ule mujane. Anilaumu anavyotaka kwa kungojea dawa, mudomo wake naujua. Lakini watu wetu unawajua pia: muzee akifa, mbele ya jioni wamekwisha kutaja mujane fulani kuwa ndiye mulozi. Nisipoamuka, usomee watu barua hii kwa sauti, hata kabla kaburi haijachimbwa. Dawa nilichagua mimi, siku nilichagua mimi. Hakuna mutu aliniroga. Wasiguse mulango wake.

Ni mimi bwana yako,
Baba Justin